Kicheko Ndani ya Gari-Nyumba Wakati wa Theluji

Gari-nyumba ni makazi yenye magurudumu. Mengine yana injini yake yenyewe, mengine ni karavani inayovutwa na pikapu. Marekani na Kanada, sheria za barabarani kwa kawaida haziruhusu upana wake upite futi 8 na nusu, yaani kama mita 2.6, na karavani ya familia yenye urefu wa futi 30 huwa na eneo la mita za mraba 22 hadi 24. Humo hupangwa jiko, meza, choo, bafu, kitanda cha wazazi, vitanda vya watoto, kabati, matangi ya maji, betri, na mara nyingi mbwa. Wakati wa kiangazi nafasi hiyo inatosha, kwa sababu familia hushinda nje na kuingia ndani kulala tu. Majira ya baridi yakifika, nje hakukaliki. Kila aliyekuwa akishinda uwanjani hurudi ndani na koti lake, mabuti yake na hasira zake, na hapo ndipo maisha ya gari-nyumba huanza kuchekesha.

Vichekesho hivyo vina chanzo kinachoeleweka. Havihitaji familia yenye wacheshi. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya likizo ya Julai kinapolazimishwa kufanya kazi ya nyumba mwezi Januari, kila dawa ya tatizo moja huzaa tatizo jingine, na watu wanne waliobanwa pamoja hushuhudia kila hatua kwa karibu mno. Anayetaka kuelewa kwa nini familia hizi husimulia majira yao ya baridi kwa kicheko kuliko watu wa nyumba za kawaida hana budi kufuata maji, gesi, mvuke na umeme vinavyokwenda ndani ya gari.

Tangu mwanzo gari-nyumba lilikuwa chombo cha matembezi. Mwaka 1910 kampuni ya Pierce-Arrow ilionyesha katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, gari lililoitwa Touring Landau, lenye kiti cha nyuma kilichokunjuka kuwa kitanda, sinki nyuma ya kiti cha dereva na chombo cha kujisaidia. Mwaka 1919 wasafiri wa magari walikutana Tampa, Florida, wakaunda chama cha Tin Can Tourists, na alama yao ilikuwa kopo la bati lililochomelewa kwenye kifuniko cha rejeta. Hawakwenda Florida kwa bahati. Walikuwa wanaikimbia baridi ya kaskazini.

Mbio hizo hazijaisha. Kila mwaka wastaafu kwa maelfu huteremka hadi jangwa la Arizona na kuegesha karibu na mji wa Quartzsite, katika ardhi ya serikali ya shirikisho ambako kibali cha kukaa kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili kimekuwa kikiuzwa dola 180. Mji wenyewe una wakazi wa kudumu elfu chache tu. Katika makaburi yake amezikwa Haji Ali, mtu wa dola ya Uthmaniya aliyekuja Marekani mwaka 1856 kuwatunza ngamia wa jeshi, ambaye Wamarekani waliligeuza jina lake kuwa Hi Jolly. Juu ya kaburi lake kuna piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Mwenye nafasi ya kwenda kwa Haji Ali wakati wa baridi ana bahati yake. Makala haya yanawahusu wanaobaki kaskazini.

Nao ni wengi, na sababu zao zinatofautiana. Wapo mafundi wa ujenzi na wauguzi wa mikataba mifupi wanaohama na familia zao kufuata kazi. Wapo wanaodunduliza fedha za kujenga, au wanaoishi kwenye kiwanja chao wakati msingi wa nyumba umelala chini ya theluji. Wapo wapenzi wa kuteleza kwenye theluji, wanaokwenda kwa mfano Lake Louise katika mkoa wa Alberta, ambako kambi ya magari yenye kuta ngumu huwa wazi mwaka mzima. Na wapo waliofikia gari-nyumba kwa sababu kodi ya nyumba iliwashinda.

Takriban asilimia 80 ya magari-nyumba ya Marekani Kaskazini hutengenezwa Elkhart, Indiana, na miji ya jirani, eneo ambalo lenyewe hupigwa na theluji inayoletwa na upepo wa Ziwa Michigan. Hata hivyo ukuta wa karavani ya kawaida una unene wa sentimita 4 au 5 tu. Baadhi ya magari hubandikwa ubavuni maneno ya kuahidi kuwa yanafaa kwa misimu yote minne, lakini ahadi hiyo haina kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote. Mnunuzi huja kuipima mwenyewe usiku, akiwa amevaa kofia kitandani.

Matatizo huanzia kwenye maji. Mpira unaoleta maji kutoka bomba la kambi hulala juu ya ardhi, na usiku mmoja wa nyuzi 10 chini ya sifuri unatosha kuufanya mgumu kama fimbo. Asubuhi bomba la jikoni linakohoa mara moja na kunyamaza. Baba hutoka na birika la maji ya moto, anaanza kuumwagia mpira kuanzia upande wa gari, na akifika upande wa bomba, kule alikoanzia kumeshaganda tena. Zaidi ya hapo, maji yote aliyoyamwaga yametandazika mbele ya ngazi na kuwa barafu laini inayong'aa. Birika la pili huletwa na mama, na yeye ndiye anayeteleza.

Wenye uzoefu huufungua mpira na kuuingiza ndani uyeyuke. Mahali pekee panapofaa ni bafuni, na mpira wa mita 15 ukikunjwa katika bafu la gari-nyumba hakuna wa kuoga hadi jioni. Ndiyo maana wanaokaa muda mrefu hununua mpira wenye waya wa joto ndani yake, unaochomekwa kwenye umeme. Hiyo ni fedha iliyotumika vizuri, ila umeme huo una hesabu yake, kama itakavyoonekana.

Ushauri wa siku zote ni kuacha bomba litiririshe uzi mwembamba wa maji usiku kucha, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Katika nyumba ya kawaida ushauri huo ni mzuri. Katika gari-nyumba maji hayo huingia kwenye tangi la maji machafu ya jikoni na bafuni, lenye ujazo wa lita 150 hivi. Vali ya tangi ikiwa imefungwa, kufikia alfajiri tangi limejaa, na maji hupanda kupitia tundu la sakafu ya bafu, ambalo liko chini kuliko matundu mengine yote, yakiwa yamebeba vipande vya karoti za supu ya jana. Vali ikiachwa wazi, uzi ule wa maji huganda kidogo kidogo ndani ya bomba la kutolea, tabaka juu ya tabaka, hadi bomba linaziba. Kisha maji hupanda kupitia tundu lile lile, na karoti zile zile.

Tangi la choo lina kanuni yake: vali hufungwa hadi tangi lijae, kisha hufunguliwa mara moja ili maji mengi yasukume kila kitu kwa pamoja. Asiyejua huiacha wazi akidhani anajirahisishia kazi. Majimaji huondoka, mazito hubaki chini ya choo na kujijenga kuelekea juu, na baridi huyakaza. Wenye magari haya wenyewe huyaita piramidi. Kuivunja piramidi hiyo mwezi Februari ni kazi ya siku nzima yenye maji ya moto, fimbo ndefu na maneno ambayo watoto hawapaswi kuyasikia, ingawa ndani ya mita za mraba 22 watayasikia yote na kuyakumbuka mbele ya bibi yao. Hata tangi lisilo na piramidi linahitaji mtu wa kutoka na glavu kwenda kulimwaga. Familia zinazocheza karata jioni hupata humo cha kuchezea: anayeshindwa usiku ndiye mwagaji wa asubuhi, na ni katika mchezo huo watoto wa miaka minane hugundua kwamba mama yao anajua kuiba karata.

Kwa wanaosafiri bila kutumia mabomba, iko njia nyingine: kutoa maji yote na kumimina kwenye mabomba kizuia-kuganda cha propileni glaikoli chenye rangi ya waridi, kisichofanana na kile chenye sumu kinachotiwa kwenye rejeta za magari. Familia hubeba maji ya kunywa katika madumu na kusuuza choo kwa maji hayo ya waridi. Mgeni asiyeelezwa mapema hutoka chooni akiwa na wasiwasi juu ya afya yake.

Sinema ya Marekani iliyatambua haya zamani. Mwaka 1954 Lucille Ball na Desi Arnaz walicheza katika The Long, Long Trailer, wakiwa maharusi wanaoanza maisha katika karavani ndefu, na mwaka 1989 filamu ya National Lampoon's Christmas Vacation ilimleta binamu Eddie, anayefika kwa ndugu zake Desemba na familia nzima ndani ya gari-nyumba chakavu. Asubuhi moja anasimama barabarani na joho la kulalia, kofia ya manyoya kichwani, akimwaga tangi la choo ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Watazamaji wamekuwa wakimcheka kwa miongo zaidi ya mitatu. Wanaoishi katika magari haya humcheka kwa undani zaidi, kwa sababu wanaijua ile kofia na wanaijua baridi iliyomtoa nje na joho. Kumwaga choo mferejini, hata hivyo, ni kosa la kisheria, na kambi nyingi humfukuza anayejaribu.

Joto la gari-nyumba hutoka kwenye hita ya gesi ya propeni, inayopuliza hewa moto kwa feni. Hita ya wastani hutumia gesi yenye BTU (kipimo cha nishati ya joto) 30,000 kwa saa, na mtungi wa kilo 9 una nishati ya BTU 430,000 hivi, kwa hiyo hita ikiwaka bila kupumzika mtungi huisha katika saa 14. Hesabu hii inaeleza kisa ambacho karibu kila familia hukisimulia: gesi huisha saa tisa usiku. Wengi huamini ni mkosi. Ukweli ni kwamba baridi huzidi kuelekea alfajiri, hita hupumzika kidogo sana saa hizo, na gesi inayoliwa kati ya usiku wa manane na mapambazuko ni nyingi kuliko ya wakati mwingine wowote. Uwezekano wa mtungi kuishia wakati huo ni mkubwa kuliko wakati wa chakula cha mchana.

Gesi ikiisha, feni huendelea kuzunguka kwa muda ikipuliza hewa ya baridi. Anayeisikia wa kwanza hunyamaza na kujifanya amelala, maana anayesema ndiye anayetoka. Mwenzake naye amesikia na amenyamaza vivyo hivyo. Watoto wamesikia pia. Watu wanne hulala macho gizani, kila mmoja akivuta pumzi kwa utulivu wa kuigiza, hadi mdogo kuliko wote anaposhindwa kujizuia na kucheka. Hatimaye mmoja hutoka na buti moja lake na moja la mtoto, akiwa na tochi mdomoni. Nati ya mitungi ya aina ya zamani hufunguliwa kwa kugeuzwa kinyume na karibu nati nyingine zote duniani, jambo ambalo kila mtu analijua mchana na hakuna anayelikumbuka saa tisa usiku.

Propeni yenyewe haina tatizo kubwa na baridi, kwa kuwa huchemka na kuwa mvuke hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri. Mtungi wa kupikia wa Dar es Salaam au Mombasa, ambao kwa kawaida una mchanganyiko wa gesi hizo mbili, ungefika Alberta mwezi Januari na kutoa sehemu tu ya kilichomo, huku butani ikitulia chini kama maji.

Chini ya gari ndiko joto linakopotelea. Kwa hiyo Novemba familia hulivisha gari sketi: turubai nzito, mbao za povu au theluji yenyewe iliyorundikwa kwa koleo huzungushwa kuanzia ukingo wa gari hadi ardhini ili upepo usipite. Wengine hutumia marobota ya nyasi kavu, ambayo yanazuia upepo vizuri na kuwapa panya makazi ya kifahari yenye mlango unaoelekea jikoni kwako. Ndani ya wiki mbili panya wamejua ratiba ya chakula cha familia kuliko familia yenyewe. Mtego wenye siagi ya karanga huwamaliza, ila kabla ya hapo kila usiku kuna anayesimama juu ya kitanda akishika kandambili.

Kati ya matatizo yote, unyevu ndio wenye hila zaidi. Mtu mmoja hutoa kwa pumzi na ngozi karibu robo tatu ya lita ya maji kwa siku. Watu wanne hutoa lita 3, hata wakikaa kimya. Propeni inapoungua kwenye jiko, kila kilo moja huzaa lita 1.6 za maji kama mvuke, kwa hiyo mtungi wa kilo 9 ukiishia kwenye jiko au kwenye hita isiyo na bomba la kutolea moshi, karibu lita 15 za maji zimeingia hewani humo humo. Ongeza sufuria ya maharage, maji ya kuoga na mabuti yanayoyeyuka. Mvuke huo wote hutafuta kitu cha baridi cha kushikia, na katika gari-nyumba kila ukuta ni wa baridi. Madirisha huota barafu upande wa ndani. Blanketi lililogusa ukuta usiku hugandamana nao, na mwenye nywele ndefu aliyelala upande wa ukutani huamka akiomba msaada wa kubanduliwa.

Godoro lililolazwa moja kwa moja juu ya ubao hulowa upande wa chini, kwa sababu mvuke wa mwili hulipenya na kukutana na ubao baridi. Si ajabu mtoto kushutumiwa kwa kukojoa kitandani, akakana, akashutumiwa tena, akanyimwa maji ya jioni, hadi siku wazazi wanapoinua godoro lao wenyewe na kulikuta limelowa vilevile. Mtoto aliyesafishwa jina kwa namna hiyo hatasahau, na kila Krismasi atalileta shauri hilo mezani. Dawa ni kuinua godoro juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite, na kufungua tundu la dari kidogo ingawa nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Wazazi waliowagombeza watoto miaka yote kwa kuacha mlango wazi hujikuta wakiwagombeza kwa kufunga dirisha.

Umeme wa kambi nyingi ni wa ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa familia nzima. Hita ndogo ya umeme hula wati 1,500, birika 1,500, mashine ya kukaushia nywele 1,500 au zaidi, maikrowevu zaidi ya 1,000, na mpira wa maji wenye waya wa joto unadai chake huko nje. Vitu viwili vikubwa hukubaliana. Cha tatu kikiwashwa, breka hujikata na giza huingia. Kinachofuata ni ukimya mfupi, kisha sauti kutoka kila pembe zikiuliza nani amewasha nini. Asubuhi ya siku ya shule huwa na uchumi wake: binti mkubwa anauza zamu yake ya kukausha nywele kwa kubadilishana na uji wa mdogo wake uliopashwa kwanza, na baba anayetaka kahawa analazimika kuomba kibali. Watoto wa miaka saba huko hujumlisha wati bila kalamu. Ni hesabu chache sana za shuleni zinazofundishwa kwa uzito wa namna hiyo.

Hata mambo yote yakienda sawa, nafasi inabaki ile ile. Msomaji wa Manzese, Dar es Salaam, au Kisauni, Mombasa, anajua familia ya watu sita inavyoweza kuishi kwa amani katika chumba kimoja, lakini amani hiyo inategemea baraza, uwanja na kivuli cha mwembe, mahali ambapo mchana kutwa watu hukaa na kuachia chumba kipumue. Karavani iliyozungukwa na theluji haina baraza. Ina ujia mmoja wa upana wa mabega, na kuvaa nguo za baridi kunahitaji ujia huo wote kwa mtu mmoja. Wa kwanza kuvaa hukaa akitoka jasho akimngoja wa nne. Wa nne akishafunga zipu ya mwisho, wa kwanza hutangaza kwamba anataka kwenda chooni, na msururu wote huanza upya kwa kurudi nyuma.

Choo kimetenganishwa na meza ya chakula kwa mlango mwembamba. Kila familia hubuni heshima yake: wengine huongeza sauti ya redio, wengine huanza kuimba, na wimbo ule ukishazoeleka, ukisikika popote duniani hata miaka kumi baadaye watoto hutazamana na kuangua kicheko. Siri haziwezekani. Anayejigeuza kitandani hutikisa gari lote. Zawadi za Krismasi hufichwa kwenye sanduku la nje chini ya gari, zikagandia humo, na mfichaji huonekana usiku wa mkesha akiligonga sanduku kwa nyundo huku akisisitiza kwamba anatengeneza vali.

Kuna pia kengele ya kutambua gesi, ambayo hufungwa karibu na sakafu kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini. Mbwa naye hulala sakafuni karibu na hita. Wenye magari haya husimulia mara kwa mara kengele iliyolia usiku, familia ikakimbilia nje kwenye theluji na mablanketi, vali zote zikakaguliwa, na chanzo kikabainika kuwa ni tumbo la mbwa aliyekula mabaki ya kabichi. Kukimbia nje kulikuwa sahihi. Familia iliyotoka nje mara kumi kwa sababu ya mbwa inapaswa kutoka nje mara ya kumi na moja.

Yote haya yanaweza pia kuvunja familia. Watu wanaoteleza kwenye barafu ya birika, wanaoamshwa na panya na kukosa kahawa kwa sababu ya nywele za mwenzao wana kila sababu ya kugombana, na wengine hugombana hadi kuuza gari Januari kwa hasara. Tofauti kati ya familia hizo na zile zinazofika Aprili zikicheka haiko kwenye ubora wa gari peke yake. Watu wa Afrika Mashariki wana njia nzuri ya kuieleza, nayo ni utani. Babu na mjukuu, shemeji na shemeji, na makabila yaliyo watani wana ruhusa ya kuchokozana bila mtu kukasirika, na mtani huweza kufanya mzaha hata msibani huku akiwa wa kwanza kushika jembe la kuchimba kaburi. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alichapisha uchambuzi wa mahusiano ya aina hiyo, akayaeleza kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uhasama: pande mbili zimefungwa pamoja na wakati huo huo zina sababu za kukwaruzana, na mzaha unaoruhusiwa huwezesha mambo hayo mawili kuishi pamoja.

Familia ya gari-nyumba wakati wa baridi iko hivyo hasa. Imefungwa pamoja na ukuta wa sentimita 5 na ina sababu ya kukwaruzana kila baada ya dakika 20. Zinazofanikiwa hujenga utani wao zenyewe. Aliyeteleza hupewa jina, aliyesahau mtungi hupewa jina, na majina hayo hutumika kwa haki kwa sababu kila mtu analo. Utani huo una masharti yake. Hauanzi kabla aliyeanguka hajainuliwa. Haumlengi mmoja kila siku. Mtoto ana ruhusa ya kumtania baba mwagaji wa choo kama baba alivyomtania yeye kuhusu godoro. Na anayetania lazima awe na glavu mkononi tayari kusaidia. Anayecheka kupitia dirishani akiwa na chai si mtani, ni mtazamaji.

Kuna familia ambazo haifai kuziomba zicheke. Uchimbaji wa mafuta ulipopamba moto huko North Dakota katika miaka ya 2010, wafanyakazi na familia zao walipitisha majira ya baridi katika karavani kuzunguka mji wa Williston, katika jimbo ambalo joto hushuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, kwa sababu nyumba hazikuwepo au bei yake haikushikika. Aliyechagua gari-nyumba anaweza kuondoka kesho, asiyechagua hawezi. Kicheko cha yule wa pili ni chake mwenyewe kukitoa, na jirani mwenye hali nzuri anamfaa zaidi kwa mtungi wa gesi uliojaa kuliko kwa kusifu ujasiri wake.

Gesi ya kaboni monoksaidi nayo haina nafasi katika utani huu. Jiko la kupikia lisitumike kupasha joto chumba usiku, jenereta isiwashwe karibu na dirisha au chini ya gari, na theluji iondolewe kwenye tundu la kutolea moshi wa hita kila inapoanguka. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Waswahili waliohamia Minnesota, Ohio au Alberta na wanaofikiria kujaribu maisha haya waanze kwa kununua kengele mbili, moja ya propeni karibu na sakafu na moja ya kaboni monoksaidi karibu na vitanda, wazijaribu kila mwezi, na wasitoe betri zake kwa ajili ya rimoti ya televisheni. Mpira wenye waya wa joto, sketi ya gari na mtungi wa pili wa gesi vinunuliwe kabla ya Novemba, maana Desemba madukani huwa vimekwisha.